Mkibomoa "Duka la Mhindi", Anayefukuzwa ni Fundi wa Veranda

Wasee, tuongee vizuri kuhusu zile komenti.

Niliweka video ya maduka manne ya zamani kwenye barabara kuu ya senta ya kwetu, kwenye ile laini ya reli ya Butere. Mabati yenye kutu, milango ya mbao ya kukunja, veranda ndefu, na pale juu ya ukuta wa mbele mwaka umeandikwa kwa simiti: 1934. Nikasema yanabomolewa mwaka huu ijengwe flati. Basi. Sikulia, sikuweka muziki wa huzuni. Na bado mlinichapa. "Bomoa yote, hizo ni za Wahindi." "Huyu anatamani ukoloni." "Mabati ya nini karne hii, leta ghorofa." Na ile iliyopendwa kuliko zote: "Maendeleo hayaombi ruhusa kwa nyumba ya panya."

Najibu hapa kwa sababu kule chini ya video hakuna mtu husoma mistari mitatu. Jina la senta nitaliacha. Mwenye ploti anajua mama yangu, na mimi bado nataka kula Krismasi nyumbani.

Msimamo wangu ni huu, ili usiseme nilizunguka. Hayo maduka si ya Wahindi, si ya wazungu, na si makumbusho ya huzuni. Ni mali yetu kwa historia na kwa matumizi. Na kitu cha maana zaidi katika jengo hilo si ukuta, si mabati, si ule mwaka wa simiti nilioupiga picha. Ni veranda. Ukibomoa jengo, mwenye ploti anapata flati, mpangaji wa duka anapata duka lingine mbele, lakini kuna watu kama kumi na wawili ambao hawako kwenye karatasi yoyote, na hao wanapata jua.

Tuanze na "za Wahindi", kwa sababu hapo ndipo mlipiga kelele sana.

Wengi wenu mnadhani Mhindi wa duka alikuwa kibarua wa reli aliyebaki. Mara nyingi sivyo. Reli ilianza Mombasa 1896 na ikafika Kisumu, ziwani, Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wengi wao mkataba ulipoisha walirudi kwao. Wenye maduka walikuwa kundi lingine kabisa, wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch, wengi wakiwa na ndugu Zanzibar na Mombasa hata kabla ya chuma cha kwanza cha reli kulazwa. Aliyevuma zaidi ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, akaja pwani hii akiwa mtoto, akaanza kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara mwingine, na reli ilipoanza kupanda bara akawa anafungua duka karibu kila inapofika. Alikufa 1916. Shule ya Mombasa bado ina jina lake, na naamini kuna watu wamesoma pale miaka minne bila kuuliza huyo Allidina alikuwa nani.

Laini yetu ilikuja baadaye. Tawi la kutoka Kisumu lilifika Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukiona duka lina 1934 juu yake kwenye laini ile, hesabu ni rahisi: treni imekuja, muda mfupi baadaye mtu ameweka mawe.

Sasa jiulize kitu. Kwa nini maduka yote ya zamani ya senta yamepangwa mstari mmoja huku na mmoja kule, barabara katikati, na ukiyapita tu ni mashamba? Si ati walipenda kukaa pamoja. Ni sheria. Serikali ya kikoloni iliweka mashamba mazuri ya nyanda za juu kwa wazungu peke yao, na sheria ya ardhi ya 1915 ikampa gavana nguvu ya kuzuia shamba lisitoke kwa mzungu likaenda kwa mtu wa rangi nyingine. Kwenye maeneo waliyoyaita ya wenyeji nako, Mhindi hakuweza kwenda kwa mzee wa kijiji anunue ekari tano kama vile wewe unavyoweza leo. Alichopata ni ploti ndogo ya kukodi, ndani ya kituo cha biashara ambacho serikali yenyewe ilipima na kutangaza.

Kwa hivyo ile mistari miwili ya maduka ni ramani. Inaonyesha nani aliruhusiwa kusimama wapi. Hiyo ramani haiko kwenye kitabu chako cha shule, iko pale barabarani, unaipita ukienda kununua kuku wa kienyeji.

Na Mwafrika kwenye hiyo ramani alikuwa wapi? Mbele ya kaunta, upande wa nje. Kulikuwa na kodi ya nyumba, na serikali haikutaka mbuzi wala mtama, ilitaka pesa. Rupia kwanza, halafu shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pesa zilikuwa wapi? Kwenye duka. Unabeba mahindi, ngozi, simsim, samli, unapimiwa kwa mizani ya mwenye duka, unapewa senti, unatoka, unalipa kodi, na kama kimebaki kitu unarudi kwa kaunta ileile kununua chumvi na mafuta ya taa. Mwaka 1935 ikaja sheria ya kununua mazao ya Waafrika, ikataka leseni na mahali maalum pa kununulia. Aliyekuwa na jengo la kudumu kwenye ile barabara kuu alikuwa tayari. Aliyekuwa na gunia chini ya mti alikuwa mvunja sheria.

Nasema haya yote ili mtu asije akaniambia nimepaka ukoloni rangi ya waridi. Mizani ilichezwa. Kila familia ya kwetu ina hadithi ya debe lililopimwa likawa nusu debe. Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alipata leseni kwa shida na mkopo kwa shida zaidi. Nazijua. Lakini angalia vile hoja yenu inafanya: mtu aliibiwa kwenye jengo, kwa hivyo tubomoe jengo, tusahau mahali alipoibiwa. Kwani ukibomoa, yale magunia yatarudi?

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo hakuna mtu alifanya kabla ya kuandika "za Wahindi".

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka biashara iingie mikononi mwa raia. Mwaka 1967 ikapitishwa sheria ya leseni za biashara, ikamfungia asiye raia kufanya biashara sehemu nyingi nje ya katikati ya miji mikubwa, na kuuza bidhaa fulani. Wenye maduka wengi wa senta walikuwa na pasipoti ya Uingereza, hawakuwa wamechukua uraia. Uingereza nayo ikaona watu wanaanza kuja, ikaharakisha sheria yake Machi 1968 kuwafungia mlango watu iliokuwa imewapa pasipoti yenyewe. Ni aibu ya pande mbili, chagua ya kukasirikia. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wa asili ya Asia karibu 177,000 nchini Kenya. Ile ya 1969 ilihesabu 139,000 hivi. Wengi walihama kwa haraka, na ukiwa na haraka hujadili bei.

Kwetu, yale maduka manne yalibadilisha mikono wakati huo. Moja lilichukuliwa na mwalimu. Moja lilichukuliwa na mtu aliyekuwa akibeba magunia humohumo ndani. Moja lilinunuliwa na walimu wawili na mke wa mmoja wao, na kila mtu kijijini anajua mke ndiye alikuwa na pesa. La nne lilimwendea mheshimiwa wa siku hizo, na hiyo hadithi tuiache tu.

Sasa hesabu. Kutoka 1934 hadi 1968 ni miaka 34. Kutoka 1968 hadi leo ni zaidi ya miaka 50. Mhindi alikaa kwenye hilo duka miaka 34. Sisi tumekaa miaka mingi kuliko yeye. Pale ndani kumekuwa na bucha, baa, ofisi ya ushirika, posho mill, duka la vitabu, studio ya picha iliyopiga picha za harusi za wazazi wetu wote mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, kinyozi, halafu M-Pesa. Kati ya hivyo vyote, kipi ni cha Mhindi? Mtu akikaa kwenye nyumba miaka hamsini, akazaa, akazika, akapaka rangi mara kumi, bado mnamwambia nyumba ni ya jirani?

Na hata tukisema ni za Wahindi, so? Julai 2017 serikali hiihii ilitangaza Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ama kabila la 44 ni la sherehe tu, historia yao haihesabiki?

Lakini nimesema jambo kubwa ni veranda, na sijaifikia. Twende.

Duka la zamani lilijengwa hivi. Mbele kabisa, veranda: paa la mabati linateremka hadi kwenye nguzo, sakafu imeinuliwa futi moja na nusu hivi kutoka barabarani ili maji ya mvua yasiingie. Halafu milango ya mbao, mipana, inayokunjwa ikafunguka yote, kiasi kwamba duka linakuwa halina ukuta wa mbele. Ndani kaunta, nyuma ya kaunta rafu hadi darini. Nyuma ya duka, vyumba vya familia. Nyuma ya vyumba, ua, na nyuma ya ua, stoo na jikoni. Dari liko juu, kuna nafasi ya hewa kati ya dari na mabati, kuna matundu juu ya ukuta. Ingia saa nane mchana Februari, utasikia tofauti. Halafu ingia kwenye lile jengo jipya la vioo vya bluu pale stejini uniambie nani alielewa jua la kwetu.

Veranda ilijengwa kwa ajili ya kivuli cha mteja. Lakini iligeuka kitu kingine. Iligeuka mahali pekee kwenye barabara kuu ambapo mtu asiye na ploti, asiye na leseni ya duka, asiye na mtaji, aliweza kukaa siku nzima akafanya kazi.

Nilikaa na fundi wa cherehani wa pale. Ana miaka themanini na kitu, macho bado yanaona uzi, masikio ndiyo yamechoka kidogo. Alianza hapo akiwa kijana, kabla ya Uhuru. Nikamuuliza, "Kuka, mwenye duka alikuwa anakudai kodi ngapi?"

Akanitazama kama nimeuliza bei ya mvua. "Kodi ya nini, mjukuu wangu? Veranda ni ya njia."

Akanieleza. Mhindi alikuwa anauza kitambaa. Kitambaa bila fundi hakivaliki. Kwa hivyo mwenye duka alitaka fundi akae pale nje. Mteja ananunua yadi ndani, anatoka hatua tatu, anapimwa, anaacha kitambaa, anarudi siku ya soko kuchukua. Pesa ya kitambaa ni ya ndani, pesa ya kushona ni ya nje. Mpangilio huo ulikuwa kila senta ya nchi hii. Mashine ya kwanza ilikuwa ya mwenye duka na fundi alikuwa akimlipa kidogo kidogo. Siku mwenye duka alipohama 1968, mashine ikabaki kwa fundi. Hakusema alipewa. Hakusema alinunua. Alisema tu, "Ilibaki," na akaendelea kukata shati.

"Na mwenye duka aliyefuata?"

"Mwalimu? Mwalimu naye alitaka suti ya shule."

Hivyo tu. Wenye duka wamebadilika mara nne juu ya kichwa chake na hakuna aliyemwambia atoke.

Na hayuko peke yake. Nilihesabu Jumamosi ya soko, kwenye veranda ya maduka manne: mafundi cherehani watatu, fundi viatu mmoja, mtu wa kutengeneza simu na meza yake ndogo, mama wawili wa mboga, mama wa omena, mtu wa kukata funguo, wazee wawili wa draft ambao sijui wanauza nini lakini wako, na muuza magazeti ambaye siku hizi anauza zaidi miwani ya kusoma. Kumi na wawili. Na mvua ilipokuja saa kumi, wanaboda wote wakaingia hapohapo na pikipiki zao. Hakuna aliyeuliza wa nani.

Sasa nimeona mchoro wa flati itakayojengwa. Umebandikwa kwenye mabati ya uzio, kila mtu anauona. Ghorofa nne. Chini maduka yenye shata za chuma, ukuta umesukumwa mbele hadi mwisho kabisa wa ploti. Juu bedsita. Veranda haipo. Kila futi ya ploti inalipiwa kodi. Nje ya shata ni mtaro, baada ya mtaro ni lami. Fundi cherehani atakaa wapi? Atakaa kwenye lami. Na akikaa kwenye lami ataitwa mchuuzi, na akiitwa mchuuzi kanjo watakuja na lori lao.

Hapo ndipo ninapokasirika na nyinyi. Mnaandika "maendeleo" na kesho yake mnaweka video ya kanjo wakimwaga nyanya za mama, na emoji ya moyo uliovunjika. Ni stori moja! Yule mama hakuanguka barabarani kutoka mbinguni. Alikuwa chini ya paa. Paa likabomolewa, mkashangilia, akaenda barabarani, akapigwa, mkalia.

Haya, kuna komenti moja ilikuwa na akili, na nitaijibu kwa heshima. Dada mmoja aliandika: "Ploti ni ya mtu. Ameingia gharama. Maduka manne ya mabati yanamletea nini? Flati italeta mara kumi. Wewe utamlipia karo ya watoto?"

Hapana, sitamlipia. Na sitaki kujifanya hiyo pesa si kitu. Senta imekua, kuna chuo karibu, wanafunzi wanatafuta mahali pa kulala, na mwenye ploti si mwizi kwa kutaka kuwapangisha. Mtu wa kaunti anayesema "usiguse, ni turathi" halafu haleti hata senti ya kurekebisha paa, huyo hasaidii turathi. Anaacha jengo lianguke lenyewe ili asilaumiwe. Nimeona hivyo pia.

Lakini nenda uangalie ile ploti. Maduka yenyewe yako theluthi ya mbele. Nyuma ni ua mkubwa, choo cha zamani, stoo zilizoanguka, na mwembe. Ile nafasi ya nyuma imelala tangu nizaliwe. Jenga huko ghorofa zako. Jenga tano ukitaka. Pitisha njia ya wapangaji katikati ya maduka, kuna lango la gari pale tayari, lilipitisha magunia miaka yote hiyo. Acha mstari wa mbele usimame, badilisha mabati, weka umeme wa maana, rekebisha milango. Unapata kodi ya nyuma, unapata kodi ya mbele, na Jumamosi ya soko watu bado wanasimama mbele ya maduka yako kwa sababu kuna kivuli. Mtu aliyesimama mbele ya duka ni mteja. Mtu anayekimbia jua kutoka shata hadi stejini hanunui kitu. Hiyo si mahaba ya zamani, ni biashara ya kawaida, na wale Wahindi mnaosema hawakuwa na huruma waliijua vizuri sana.

Na kama mnasema barabara ya maduka ya zamani haiwezi kuleta pesa, nendeni Nairobi, Biashara Street. Zamani iliitwa Bazaar Street. Leo bado unaenda huko kununua kitambaa, nguo za mtoto mchanga na mablanketi, na ukienda Desemba hupati pa kukanyaga. Lamu nayo mji wa kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, na kwenye ile barabara yake kuu watu bado wanauza, wananunua, wanakaa barazani, punda wanapita. Hawakuifunga kwa kioo.

Sheria nayo iko, msidanganywe kwamba haipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote litangazwe kwenye Gazeti la Serikali kuwa la kulindwa. Umri wowote. Haisemi lazima liwe ngome, haisemi lazima mzungu awe alilala ndani. Lakini sisi tumezoea kulinda nini? Nyumba ya Karen Blixen pale Nairobi ni makumbusho tangu 1986. Mama alilima kahawa, kahawa ikamshinda, shamba likauzwa 1931, akarudi Denmark. Nyumba yake ina nyasi zilizokatwa na tikiti mlangoni. Sina shida nayo, nilienda na shule, soda ilikuwa baridi. Shida yangu ni moja: kwenye nyumba ile babu zetu waliingia kwa mlango wa jikoni, kama waliingia. Kwenye yale maduka waliuza, walinunua, walidaiwa, walishona, na mwishowe wakamiliki. Ni ipi kati ya hizo mbili iliyo historia yetu? Na ni ipi imewekewa uzio wa kulinda, na ipi imewekewa uzio wa kubomoa?

Kelele pia husaidia, kwa wale waliosema "utafanya nini, wewe una simu tu." Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa na vitu vingine juu ya Jeevanjee Gardens, katikati ya Nairobi. Ile bustani ilitolewa kwa watu wa mji na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi, 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaanza kupinga wazi, na hiyo ni 1991, si wakati wa kuandika posti halafu ukalala vizuri. Watu wakajiunga. Mpango ukafa. Leo ukipita pale saa sita kuna watu wanakula mahindi, wengine wanahubiri, wengine wanalala kwenye nyasi wakingoja kupigiwa simu ya kazi. Hakuna hata mmoja anayesema bustani ni ya Mhindi.

Kwetu tumeandika barua. Hatukuomba makumbusho, hatukuomba kibao cha shaba. Tumeomba mambo matatu: mstari wa mbele usiguswe hadi kikao cha wananchi kifanyike jinsi katiba inavyotaka, mchoro urudishwe uonyeshe veranda, na mafundi walio pale waandikwe majina kabla ya tingatinga kufika, ili baadaye mtu asiseme hawakuwepo. Upana wa veranda tumeuweka kwenye barua. Ni futi saba na nusu. Fundi aliupima mwenyewe kwa tepu yake ya kushonea, akatuambia tuandike saba na nusu, si saba, kwa sababu hiyo nusu ndiyo inakaa mashine. Mwenye ploti ameipokea. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Alisema atakaa na watoto wake walio Nairobi, na kama wewe ni mmoja wao na unasoma hii, niaje, tafadhali msome yote.

Nyinyi wengine, hasa mlioandika ile ya panya: wikendi hii ukienda ushago, simama kwenye barabara kuu ya senta yako dakika kumi. Angalia juu ya kuta, kuna mwaka na mara nyingi kuna jina lililopakwa rangi juu yake likafifia likarudi. Piga picha ya mbele yote, si mlango mmoja. Piga na nyuma kama mwenyewe ameruhusu. Halafu tafuta aliyekaa kwenye veranda miaka mingi zaidi, umnunulie chai, umuulize nani alikuwa na duka kabla ya huyu, na kabla ya huyo, na yeye mwenyewe alikuja lini. Rekodi sauti, si video, wazee wakiona kamera wanaanza kuhutubia.

Luanda, Yala, Maseno, Muhoroni, Kendu Bay, Makindu, Kibwezi, popote. Nitumieni mwaka ulioandikwa juu na idadi ya watu mliowakuta chini ya veranda Jumamosi. Naanza kuziweka kwenye ramani moja wiki ijayo. Za Karen msitume, hizo tunazo.